Titani sio chuma: jinsi ukubwa wa punje na joto vinavyobadilisha ugumu wake, na namna ya kuupima mwenyewe hatua kwa hatua

Wakuu, kuna kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla hata hujawasha tanuru: ukiyachukua mazoea ya chuma ukayaleta kwenye titani utaharibu kazi. Chuma chenye kaboni ukikipasha mpaka kiwe chekundu halafu ukakitumbukiza kwenye maji kinakuwa kigumu mno, kila fundi wa visu na patasi anajua hilo. Titani safi ukiifanyia hivohivo ndani haibadiliki sana, ila juu inaweza ikasoma ngumu kweli kweli, na hapo ndo watu wanapodanganyika, maana ule ugumu wa juu haujatokana na maji wala na punje, umetokana na oksijeni iliyoingia kutoka hewani wakati kipande kiko motoni. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila ukisoma namba kwenye mashine ni hili: huu ugumu umetoka wapi, kwenye punje, kwenye joto, au kwenye uchafu? Ukiweza kulijibu hilo bila kubahatisha, umeielewa titani.

Naandika kwa ajili ya mwanafunzi wa uhandisi mwenye projekti ya mwaka wa mwisho, fundi wa karakana anayetengeneza vipande vya titani, na yeyote mwenye tanuru ndogo na mashine ya kupimia ugumu. Tutatumia vitu viwili tu: titani safi ya gredi 2, na ile aloi inayoitwa gredi 5 yaani Ti-6Al-4V, yenye aluminiamu karibu asilimia 6 na vanadi karibu asilimia 4, ambayo ndo inatumika kuliko aloi zote za titani duniani, kwenye ndege, kwenye nyonga za bandia, kila mahali.

Kwanza elewa kinachotokea ndani

Metali sio kitu kimoja kilichomwagwa kikaganda basi, imejengwa kwa punje nyingi ndogondogo, na ndani ya kila punje atomi zimejipanga kwa mpangilio mmoja zikielekea upande wake. Panapokutana punje mbili kuna mpaka. Metali inapobonyezwa, atomi zinateleza kwa matabaka, na mtelezo huo ukifika mpakani unakwama, sababu punje ya jirani imeelekea upande mwingine. Punje zikiwa ndogo mipaka inakuwa mingi, kukwama kunakuwa kwingi, na metali inakuwa ngumu zaidi. Wanasayansi Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 ndo walioiweka hii kwenye hesabu wakifanya kazi na chuma laini: nguvu inapanda kulingana na moja gawanya kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha ukubwa wa punje. Titani nayo inafuata kanuni hiyohiyo.

Ila titani ina jambo lake. Chini ya nyuzi 882 za selsiasi atomi za titani safi zimejipanga kwa umbo la pembe sita, tunaita alfa. Ukipita 882 zinajipanga upya kwa umbo la mchemraba, tunaita beta. Ukiongeza aluminiamu na oksijeni mpaka huo unapanda juu, ukiongeza vanadi, chuma au molibdeni unashuka. Gredi 5 inageuka beta yote karibu na nyuzi 995, ila kila mzigo una yake, inaweza kucheza nyuzi 15 juu au chini, na nitaonyesha jinsi ya kuupata wa kwako.

Sasa, kwenye chuma, kukipitisha kwenye huo mpaka wa joto kwenda na kurudi kunazaa punje mpya ndogo, ndo maana punje za chuma zikikua unaweza kuzirekebisha kwa joto tu. Kwenye titani haiko hivo. Ukipanda juu ya mpaka wa beta punje zinanenepa haraka sana, dakika chache tu zinafika mamia ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na zinaweza kufika milimita nzima, kwa sababu hakuna tena chembe za alfa za kuzizuia. Na ukipoza, alfa inayozaliwa inafuata mwelekeo wa beta mama yake, inajipanga kwa njia 12 tu zinazoruhusiwa, kwa hiyo ile ramani ya punje kubwa za zamani inabaki imechorwa humohumo. Upashe tena, upoze tena, hazirudi ndogo. Kitu pekee kinachorudisha punje ndogo ni kuiumiza metali kwanza, yaani kuikunja, kuibana kwenye rola au kuifua, halafu ndo uipashe izae punje mpya. Hili ndo kosa la gharama kubwa kuliko yote kwenye titani: mtu anazidisha joto kidogo akidhani atarekebisha baadaye, na baadaye haipo.

Punje zinachangia kiasi gani hasa?

Nafanya hesabu hapahapa maana wengi wanaikuza kupita kiasi. Chukua mgawo wa Hall na Petch kwa titani safi kuwa karibu 0.4, ukipima nguvu kwa megapascal na punje kwa mita. Punje za mikroni 50 zinakupa moja gawanya kwa kipeuo chake cha pili sawa na 141. Za mikroni 10 zinakupa 316. Tofauti ni 175, zidisha kwa 0.4 unapata kama megapascal 70 za nguvu ya kuanza kukunjika. Ugumu kwa makadirio ni mara 3 ya nguvu, kwa hiyo 210, gawanya kwa 9.81 urudi kwenye kipimo cha Vickers (kipimo cha ugumu tutakachotumia hatua ya 8), unapata kama 21. Yaani umehangaika kupunguza punje mara 5 nzima na ugumu umepanda kama pointi 20 tu.

Linganisha na oksijeni. Kwenye titani safi, gredi 1 inaruhusiwa oksijeni isiyozidi asilimia 0.18, gredi 4 isiyozidi 0.40, na nguvu ya chini inayotakiwa ya kukatika inatoka megapascal 240 inaenda 550. Punje hazijaguswa hapo, ni oksijeni kidogo na chuma kidogo ndo vimefanya kazi. Ndo maana nasisitiza kwamba kama hujaidhibiti oksijeni huna haki ya kusema lolote kuhusu punje, namba zako zimeshamezwa.

Punje zinaanza kutisha ukishuka chini ya mikroni 1. Kutoka mikroni 10 hadi 1 kwa hesabu ileile unapata megapascal kama 270, na hapo ni kitu cha maana kabisa. Kuna njia ya kuibana titani ipite kwenye mfereji wenye kona mara nyingi mpaka punje zifike nanomita mia mbili tatu, na titani safi ya gredi 4 iliyofanyiwa hivo inavuka megapascal 1,000, ndo maana watu wa vipandikizi vya meno wanaipenda, wanapata nguvu ya aloi bila kuwa na vanadi mwilini.

Hatua ya 1: pata vipande na cheti chake

Nunua fimbo, mfano ya milimita 12, na uidai ije na cheti cha kiwandani. Kwenye cheti angalia oksijeni, nitrojeni, kaboni, haidrojeni na chuma. Bila cheti utafanya kazi yote halafu mtu akuulize oksijeni ilikuwa ngapi ukose la kusema. Vipande vyote vya jaribio moja vitoke kwenye fimbo moja, hili halina mjadala.

Kata vipande vya unene kama milimita 10. Titani inapitisha joto vibaya sana, gredi 5 iko kama wati 6.7 kwa mita kwa kelvini wakati chuma cha kawaida kiko karibu 50, kwa hiyo joto lote linabaki pale kwenye blade na kwenye uso wa kipande. Kata polepole, maji ya kupozea yawe mengi. Na chipsi ndogondogo na vumbi usiviache vikarundikana kavu chini ya mashine, vinashika moto, na moto wa titani hauzimwi kwa maji wala kwa gesi ya kaboni dioksidi. Weka ndoo ya mchanga mkavu kabisa karibu, au mtungi maalumu wa moto wa metali.

Kila kipande kipige namba kwa patasi ya namba. Usiandike kwa kalamu ya wino, haitabaki.

Hatua ya 2: safisha kama vile ni cha hospitali

Osha kwa sabuni, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, malizia na asetoni au ethanoli, kausha, na kuanzia hapo shika kwa glavu safi au kibanio. Alama ya kidole ina chumvi, na chumvi juu ya titani ya moto yenye mvutano ndani yake inaleta nyufa. Methanoli usiguse kabisa, inapasua titani. Na dawa za kusafishia zenye klorini weka mbali.

Hili la klorini limeshawatesa watu wakubwa. Lockheed, kampuni ya ndege ya Marekani, walipokuwa wanajenga zile ndege za kijasusi za A-12 na SR-71 kule Burbank, California, paneli walizochomelea wakati wa kiangazi zilikuwa zinakufa mapema na za majira ya baridi zinadumu, wakafuatilia mpaka wakakuta mamlaka ya maji inaongeza klorini kiangazi kuzuia mwani kwenye matangi, na wao walikuwa wanaoshea vipande kwa maji hayohayo ya bomba. Wakahamia maji yaliyotoneshwa. Kwa hiyo ukiona nasisitiza maji usidhani ni mbwembwe.

Hatua ya 3: zuia hewa, hapa ndo kazi ilipo

Kuanzia karibu nyuzi 550 kwenda juu titani inameza oksijeni ya hewani na inaipeleka ndani. Juu panatokea magamba ya kijivu au meupe, na chini ya magamba kuna tabaka la alfa lililojaa oksijeni, gumu na linavunjika kama kioo. Mimi naliita ukoko, maana limeshika kama ukoko wa wali chini ya sufuria, huliondoi kwa kupangusa. Ukoko unaweza kuzidi Vickers 500 wakati ndani ni 340, na ukiupima huo ukaandika kwamba joto limeongeza ugumu umeandika uongo bila kujua.

Ukiwa na tanuru ya vakyumu, safi, tumia hiyo. Kama huna, pitisha argoni safi kabisa kwenye bomba la tanuru na uweke chipsi za titani upande gesi inakoingilia, zenyewe zitakula oksijeni iliyobaki kabla haijafika kwenye sampuli yako. Au ufunge sampuli kwenye bomba la kwatzi (quartz) lenye vakyumu, ukiizungushia karatasi ya tantali au molibdeni ili titani isigusane na kwatzi. Na tafadhali usitumie nitrojeni ukidhani ni gesi tulivu, kwa titani sio tulivu hata kidogo, inaingia ndani na kutengeneza nitridi ngumu. Haidrojeni nayo ni sumu kwa titani, kikomo chake kwenye gredi nyingi ni asilimia 0.015 tu.

Kama una tanuru ya hewa ya kawaida na basi, kazi inafanyika pia ila acha nyama ya ziada: kipande kiwe kikubwa kuliko unachohitaji, na ukimaliza kukipasha kata katikati na upime pale katikati tu, mbali na kingo zote kwa milimita 2 au zaidi. Kwa saa moja kwenye nyuzi 955 hiyo inatosha.

Hatua ya 4: kuamini namba ya tanuru ni kujidanganya

Namba inayoonekana kwenye kioo cha tanuru ni joto la pale sensa ilipo, sio la sampuli yako. Toboa tundu dogo kwenye kipande cha bure cha ukubwa uleule, ingiza waya wa kupimia joto unaoitwa thamokapo aina ya K, kiweke pale sampuli itakapokaa, uangalie inasoma ngapi na inachukua muda gani kufika. Muda wa kuoka unahesabiwa kuanzia kipande kinapofika joto. Kwenye gredi 5 nyuzi 20 za makosa karibu na mpaka wa beta zinabadilisha kila kitu, kwa hiyo usiruke hapa.

Na kuupata mpaka wa beta wa fimbo yako fanya hivi: chukua vipande vidogo vitano, oka kimoja kwa 970, kingine 980, 990, 1000, 1010, nusu saa kila kimoja, kila kimoja kikitoka tumbukiza kwenye maji papo hapo. Vipolishi, vipitishe asidi, viangalie kwa hadubini. Kwenye vile vya chini utaona visiwa vyeupe vya mviringo, hiyo ni alfa ambayo haikugeuka, na visiwa vinapungua kadri joto linavyopanda. Kipande cha kwanza ambacho hakina kisiwa hata kimoja, mpaka wako uko kati yake na kile kilichotangulia. Ni kazi ya siku moja na inakuokoa mengi.

Hatua ya 5: mpango wa kuoka

Kwa gredi 2 nia ni kubadilisha punje tu bila kingine. Acha kipande kimoja kama kilivyokuja. Kingine kilaze saa 1 kwenye nyuzi 700 kipoe hewani, kingine saa 4 kwenye 800, kingine saa 1 kwenye 950 ambapo umeshapita 882. Kama una rola, kibane kimoja kikiwa baridi mpaka unene upungue zaidi ya nusu kisha kioke kama nusu saa kwenye 600, hicho kitakupa punje za mikroni chache, ndo mwisho wako wa chini kwenye grafu. Kabla ya kukioka kipime pia kikiwa kimebanwa, utakuta ni kigumu kuliko vyote, na huo ni ugumu wa kuumizwa, punje bado hazijahusika, usiuchanganye.

Kwa gredi 5 mambo ni matamu zaidi. Vitatu vipeleke 1050 kwa nusu saa, kimoja kipoe ndani ya tanuru iliyozimwa, kimoja hewani, kimoja kwenye maji. Vitatu vingine vioke saa 1 kwenye 955, chini kidogo ya mpaka, vyote vizame kwenye maji. Kimoja kiache hivohivo, kingine kizeeshe, yaani kioke tena kwa joto la chini, saa 4 kwenye 540 kipoe hewani, cha tatu weka akiba. Ongeza na kimoja cha 850 kilichozamishwa kwenye maji, nitaeleza sababu yake chini.

Kutoka mlangoni mwa tanuru hadi majini una sekunde 6 hivi kwa kipande cha gredi 5, ukichelewa zaidi beta inaanza kuvunjika njiani na faida inapotea. Ndoo iwe mguuni, maji mengi, koroga. Hii pia ndo sababu gredi 5 haifai kwa kitu kinene, ukizidi kama milimita 25 katikati hapapoi haraka kiasi cha kupata ugumu uliotarajia.

Hatua ya 6: kupolishi na kupitisha asidi

Titani ni laini kwa namna ya kuudhi, inapakana badala ya kukatika, na msasa mkali unaacha mistari myembamba ndani ya punje inayotokana na kukandamizwa, mtu asiyejua anaihesabu kama mipaka ya punje. Nenda msasa 320, 500, 800, 1200, kwa maji na mkono mwepesi, halafu almasi ya mikroni 9, halafu mwisho silika laini ya mikroni 0.04 iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi kidogo. Hatua hii ya mwisho inataka uvumilivu, dakika 10 au zaidi, usiikate. Kwa gredi 2 iliyopolishiwa vizuri unaweza hata usihitaji asidi, washa mwanga wa polaraizi kwenye hadubini na punje zitajitokeza kwa vivuli tofauti.

Kwa gredi 5 unahitaji dawa ya Kroll: maji mililita 92, asidi ya nitriki 6, asidi ya haidrofloriki 2. Sekunde 10 mpaka 20, suuza. Sasa nisikilizeni kwa makini. Asidi ya haidrofloriki sio kama asidi ya betri. Ikiwa nyepesi unaweza usihisi chochote mwanzoni, wakati huo inapenya ngozi inafuata kalsiamu mwilini mpaka kwenye mfupa, na inaua. Haifanywi nyumbani. Ni ndani ya chemba ya kuvuta hewa, glavu nene, kinga ya uso, vyombo vya plastiki kwa sababu kioo inakila, na jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 iwe mezani tayari kabla hujafungua chupa. Ikikugusa, maji mengi mara moja, jeli, hospitali, na uwaambie ni haidrofloriki. Kama maabara yenu haina hiyo jeli, fanya gredi 2 kwa mwanga wa polaraizi na uiache gredi 5 kwa anayeweza.

Hatua ya 7: kupima punje

Chora mistari kadhaa ya urefu unaojulikana juu ya picha, hesabu imekata mipaka mingapi, gawanya urefu kwa idadi. Kama mistari ina jumla ya mikroni 2,000 na imekata mipaka 100, wastani wako ni mikroni 20, ambayo ni namba 8 kwenye kipimo cha punje cha ASTM, shirika la viwango la Marekani. Fanya kwenye sehemu tofauti na kwa pande tofauti, maana fimbo iliyovutwa ina punje zilizorefuka.

Kwenye gredi 5 iliyotoka juu ya mpaka wa beta usipime hizo punje kubwa za zamani ukadhani ndo zinatawala ugumu. Pale kinachotawala ni unene wa vijiti vya alfa vilivyomo ndani yake. Kilichopoa kwenye tanuru kina vijiti vinene vilivyolala pamoja kwa makundi, kilichopoa hewani vyembamba vilivyosukana kama mkeka, kilichozamishwa majini ni sindano nyembamba sana. Punje mama inaweza kuwa sawa kwa vyote vitatu na ugumu ukatofautiana.

Hatua ya 8: kupima ugumu wenyewe

Mashine ya Vickers inabonyeza piramidi ya almasi, unapima ulalo wa alama kwa milimita, ugumu ni 1.8544 zidisha uzito kwa kilo gawanya kwa ulalo kipeo cha pili. Swali kubwa ni uzito gani utumie, na hapa nimeona ripoti nyingi zikianguka.

Tuseme gredi 2 yako ni Vickers 160 na punje ni mikroni 40. Ukibonyeza kwa gramu 100 alama inatoka na ulalo wa mikroni 34, yaani imeingia ndani ya punje moja peke yake. Alfa ni ngumu zaidi ikibonyezwa upande mmoja kuliko upande mwingine, kwa hiyo alama hii inasoma hivi na ya pembeni yake inasoma vingine, na wewe unadhani mashine ni mbovu kumbe unapima mwelekeo wa punje mojamoja. Weka kilo 10: ulalo unakuwa mikroni 340, umefunika punje nyingi, umepata wastani wa kweli. Kwa swali letu tumia kilo 10. Bonyeza sekunde 10 mpaka 15, piga alama angalau 5, kati ya alama na alama acha nafasi zaidi ya mara 3 ya ulalo, na andika uzito pembeni ya namba siku zote, HV10 (HV ni ugumu wa Vickers, 10 ni kilo), maana uzito mdogo huwa unasoma juu na huwezi kulinganisha hivo viwili.

Uzito mdogo una kazi yake nyingine, kuukagua ukoko. Kata kipande cha tanuru ya hewa, polishi, anzia karibu na ukingo kwa gramu 25 halafu ingia ndani kila baada ya mikroni 50. Utaona namba inaanza juu kisha inashuka mpaka inatulia. Pale inapotulia ndo mwisho wa ukoko, na chochote ulichopima nje ya hapo kwa kilo 10 kifute.

Namba zinasema nini

Gredi 2 mara nyingi inasoma kati ya 140 na 200 kutegemea cheti chako. Weka ugumu kwenye mhimili wa wima, na moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha punje kwenye mlalo, vipande vyote visivyo na ukoko vikae kwenye mstari wenye mteremko mdogo. Kimoja kikiruka juu ya mstari, kabla hujatafuta nadharia nenda kakipime ukoko. Kikiwa ni kile cha 950 kimeruka juu wakati punje zake ni kubwa kuliko vyote, hilo jibu tayari unalo, ni hewa imeingia.

Gredi 5 iliyolainishwa kiwandani inakaa karibu HRC 36 (HRC ni Rockwell C, kipimo kingine cha ugumu), kwa Vickers ni kama 350. Iliyozamishwa kutoka 955 na kuzeeshwa inafika karibu HRC 41, kama 400. Ni hiyo tu wakuu, kutoka 350 hadi 400. Sababu ni kwamba kwenye chuma kaboni inakwama kwenye nafasi kati ya atomi na kuupinda mpangilio mzima, wakati kwenye titani vanadi imekaa kwenye kiti cha titani yenyewe, haibani sana. Kuzamisha peke yake hakumalizi kazi, kinachoongeza ni kule kuzeesha kwenye 540 ambako alfa na beta zinatengana kwa chembe ndogo mno ambazo hadubini ya kawaida haizioni. Kwenye chuma ukizamisha halafu ukapasha tena ugumu unashuka, kwenye hii unapanda. Na kile kipande cha 850 kilichozamishwa utashangaa, kinaweza kutoka laini kuliko hata kilicholainishwa kiwandani, sababu kwenye joto hilo beta imejaa vanadi na inageuka kuwa martensiti (muundo unaozaliwa kwa kupozwa ghafla) ya aina nyingine iliyo laini, inakunjika kirahisi. Kizeeshe nacho, uone kinavyopanda.

Ukitaka ugumu mkubwa kwa joto, nenda kwenye aloi za beta kama Ti-10V-2Fe-3Al iliyoko kwenye miguu ya kutua ya ndege ya Boeing 777, au Ti-13V-11Cr-3Al iliyotumika kwenye SR-71. Hizo zinakunjwa zikiwa laini halafu zinazeeshwa. Uangalie tu usizizeeshe kwenye nyuzi 300 na kitu, kunazaliwa awamu ya omega ambayo ni ngumu ila inavunjika bila taarifa. Na kama shida yako ni kusuguana, joto halitakusaidia kwa aloi yoyote, titani inang'ang'aniana hata ikiwa 400, hapo unataka nitridi juu, ambayo inafika kama Vickers 2,000.

Kabla hujafurahia namba kubwa mkumbuke ile ndege ya shirika la United, safari namba 232, iliyoanguka Sioux City, Marekani, tarehe 19 Julai 1989, wakafa watu 112 kati ya 296. Diski ya feni ya injini ilikuwa Ti-6Al-4V, na ndani yake tangu siku ya kuyeyushwa kulikuwa na doa dogo la alfa gumu lililotokana na nitrojeni. Pale kwenye doa palikuwa pagumu kuliko diski nzima, na ndo palipopasukia. Kwa fikra kama hiyo nyonga za bandia zinatengenezwa kwa aina ya gredi 5 yenye oksijeni isiyozidi asilimia 0.13 badala ya 0.20, wanapoteza ugumu kidogo kwa makusudi ili metali istahimili ufa zaidi.

Kuvua ukoko na kutupa asidi

Ukitaka kipande kitumike baada ya kuoka, ukoko lazima utoke wote, kwa mashine au kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na haidrofloriki ambao nitriki ni mara 10 ya haidrofloriki. Uwiano huo sio wa kupunguza ili kubana matumizi, nitriki ikiwa kidogo haidrojeni inaingia kwenye metali. Halafu pima tena kwa gramu 25 pale ukingoni kuhakikisha. Asidi iliyotumika usimwage sinki, iongezee maji ya chokaa taratibu kwenye ndoo ya plastiki ndani ya chemba mpaka ikome kuwa asidi, floridi itazama chini kama unga mweupe, na huo unga uweke kwenye chombo chenye lebo ukabidhi kwa mtu wa taka za maabara.